Swali la Nne

Mwalimu Ndahani alisoma hadithi ya kutisha kipindi cha mwisho,
Jumatano, upepo wa Agosti ukitikisa bati,
vumbi la Kongwa likiingia bila hodi
na kukaa juu ya madaftari kama mwanafunzi aliyechelewa.

Hadithi ilikuwa fupi:
nyumba moja, bwana mmoja, mwaka wa njaa.
Bwana anaficha uwele ndani ya ukuta,
anakandika udongo, analainisha kwa kiganja,
anaapa mbele ya majirani kuwa ghalani wamebaki panya tu.
Majirani wanakufa mmoja mmoja, kwa adabu,
bila kumpigia kelele.
Halafu usiku mmoja ukuta unaanza kutwanga.

Du. Du. Du.
Mwalimu aligonga meza kwa ngumi,
na Hoya, mcheshi wa darasa, hakucheka.

Bwana anaweka sikio ukutani. Kimya.
Anaondoa sikio. Du.
Anahamisha kitanda, anahamisha mke,
anaziba masikio kwa nta ya nyuki
na kinu sasa kinatwanga ndani ya nta.
Mwishowe anaubomoa ukuta kwa kucha zake:
hakuna kinu, hakuna mchi, hakuna mtu,
uwele tu, unamwagika, unamwagika,
hadi kifuani, hadi kidevuni.
Asubuhi wanamkuta ameshiba.

Kisha ubao, chaki, mstari chini ya neno TAASHIRA.
Ukuta ni nini? Moyo wa mchoyo, alisema Yaledi.
Mchi? Dhamiri. Tuliandika wote dhamiri,
kwa wino wa bluu,
kana kwamba dhamiri ni kitu cha kuandikwa pembeni
na kupigiwa vema.
Uwele? Hapo tulitofautiana.
Mmoja akasema utawala, mwingine akasema dhambi.
Mwalimu akasema jibu lolote lenye hoja litapata alama.

Mimi nilikaa nyuma, mkono chini.
Kwetu Ibwaga lipo tembe alimozaliwa bibi,
paa lake tambarare limeota nyasi,
na ukuta wa mashariki una kiraka
cha udongo mweupe kuliko udongo mwingine.
Bibi Sechelela hatundiki kitu pale.
Si kibuyu, si picha, si kalenda ya kanisa.
Ukimwuliza, anasema: pana joto.
Ukimwuliza tena, anakutuma maji.

Mara moja tu, mwaka ule mvua ilipogoma hadi Februari,
alinitajia Nyawage, shangazi yake,
ambaye wakati wa Mtunya, akiwa na meno ya utoto,
aliwekwa rehani na baba yake mzazi
kwa watu wa mbali, kwa debe moja la uwele.
Angekombolewa mavuno yakija.
Mavuno yalikuja. Yakaja tena.
"Na debe," alisema bibi, "lilikuwapo hapa hapa tangu mwanzo,"
akautazama ukuta,
akaniuliza kama nimewafungia mbuzi.

Wahenga wana usemi wao juu ya ufa na ukuta.
Hawakusema lolote juu ya mtu
anayejenga ukuta ili ufa usionekane.

Mtihani ulikuja Novemba.
*Jadili matumizi ya taashira na istiari
katika hadithi uliyosoma. Alama ishirini.*
Niliandika: Ukuta ni ukuta.
Niliandika: Uwele ni uwele, debe moja, wa kujaa, si wa kusawazishwa.
Mchi niliuachia nafasi, mistari mitatu,
nikidhani nitarudi.

Msimamizi alipita, viatu vyake vikiwa na vumbi jekundu,
akasoma juu ya bega langu, akaguna, akaenda.
Nje, upande wa jikoni,
mtu alikuwa akitwanga.
Nadhani alikuwa akitwanga.
Nilihesabu hadi kumi na saba kabla ya kukumbuka
kwamba shule yetu inapikiwa unga wa mashine.