Maoni ya Mlinzi wa Ghala la Zabibu

Sechelela, uliniambia nisikufiche,
kwamba wateja wako wa Majengo wote husema "kizuri"
kisha hurudisha kitabu kurasa zimeshikana kwa uji.
Haya. Nimevisoma vyote vinne,
kwa tochi, hapa Hombolo, zamu ya usiku,
mia tano kwa wiki, na sina deni.

Kile cha mnyonya damu.
Ana miaka mia tatu na arobaini, ana kasri la mawe,
na bado anamvizia binti wa kidato cha tano
dirishani, amtazame alivyolala.
Mtu anayesimama dirishani usiku
mimi kazi yangu ni kumpigia filimbi.
Miaka mia tatu hajajifunza kubisha hodi?
Ngozi yake, eti, baridi kama marumaru.
Baridi naijua. Njoo Julai, upepo unashuka toka Chenene,
uniambie nani ana hamu ya kukumbatia marumaru.
Nilikisoma hadi mwisho, lakini.
Usimwambie mtu.

Kile cha majoka, chenye ramani mwanzoni:
ramani niliipenda kuliko hadithi.
Milima saba, mito yenye majina ya kukwaruza koo,
shamba hata moja hakuna.
Jeshi la watu elfu arobaini linakula nini?
Malkia kapanda joka ukurasa wa kumi,
hadi wa mia sita hajashuka kwenda haja.
Sisi tuliokulia Mvumi tukihesabu debe za uwele,
hili la Februari, hili la Machi,
tunaiona njaa kabla ya kuona upanga.

Cha mtu-fisi nilikichukua kwa kiburi.
Nikasema, huyu anatoka kwetu.
Na mwanzo nilimwamini: kicheko ng'ambo ya bwawa,
shanga shingoni mwa fisi, zimefungwa na mkono wa mtu.
Nilikifunga, nikazunguka ghala mara mbili.
Kisha akageuka kijana wa kifua kilichopakwa mafuta,
macho ya dhahabu,
na harufu ya mdalasini.
Fisi, Sechelela. Mdalasini.
Mwandishi huyo hajawahi kufunga mlango wa zizi.
Fisi wa hadithi za bibi yangu alikuwa na mwenyewe,
akipandwa usiku kwenda shughuli zisizosemwa,
na asubuhi huyo mwenyewe mnasalimiana kisimani.
Hofu inakaa pale, kwenye salamu.
Mapenzi nayo, nadhani, yangekaa papo hapo.

Sasa kile kidogo kisicho na jalada,
ulichokivisha gazeti.
Mume alikuwa mtu wa reli, Kintinku. Amekufa.
Kila Jumanne anarudi, anakaa kwenye kigoda,
anauliza kama paa bado linavuja.
Mke anajibu, linavuja.
Kurasa tisini, ndiyo hayo tu.
Mwishoni mke anaita fundi, paa linazibwa,
na Jumanne ile haji mtu.

Nilizima tochi.
Zabibu zilikuwa zinachachuka ndani ya mapipa,
zinanong'ona kama watu walioambiwa wanyamaze.
Kosa lake moja: mstari wa mwisho unasema mke alihuzunika.
Tulishajua. Nimeukata kwa penseli, unisamehe.

Nimelinda giza miaka kumi na mmoja.
Wametoka humo mbwa, mlevi wa Ipala,
na mara moja mtoto anayetafuta mbuzi wake.
Mrembo hajatoka.
Hata hivyo ikifika saa tisa huwa nachana nywele.

Vitatu narudisha Jumamosi.
Cha nne niandikie wiki nyingine.
Na sehemu ya pili ya yule mnyonya damu,
kama haijachukuliwa, niwekee, bila maswali.

Halafu, lile bati la kushoto la kibanda chako:
mvua za Januari niliona linadondosha juu ya vitabu.
Misumari ninayo, na nyundo.
Ila tangu nisome kitabu kile
sina haraka.