Daftari la Mama Aikande

Nilishinda kwa kura arobaini na moja.
Niliahidi maji ya moto Bweni C,
na kwamba daftari jeusi la matroni
litafutwa, au lisomwe hadharani.

Maji hayajawa moto. Julai hii ya Moshi
hata ndoo zinatetemeka koridoni.
Wananiita Mheshimiwa
huku wakinidai balbu ya chooni.

Jana saa nane usiku, Nakiete wa chumba cha kumi na tisa
alibanwa na pumu.
Nilimgongea matroni, mguuni kandambili moja.
Mama Aikande alitoka, kanga juu ya sweta,
tochi mdomoni, funguo tayari mkononi,
kana kwamba alikuwa akiningoja.
Akamwamsha mlinzi, mlinzi akaita bajaji,
nami nikashika mkoba:
huo ndio uongozi wangu wote.

Tuliporudi, Kibo ilikuwa inaanza kupauka.
Akanipa daftari.
"Andika wewe, mwanangu. Miwani nimeisahau hospitali."
Nikalifungua nikitafuta waliochelewa geti,
waliopikia vyumbani.

*Cha 4: hajala tangu Jumapili. Nimempa unga.*
*Cha 11: mkopo haujaingia. Usimgongee kwa kishindo.*
*Cha 19: pumu. Anaona haya kusema. Nisilale sana.*

Na chini, kwa wino mwingine, chumba changu:
*Kiongozi. Analia usiku. Mwache, atazoea.*

Nikaandika tarehe.
Kisha sikujua niandike nini.