Stara ya Malkia

Mimi ndiye mshika poda.
Kwenye karatasi ya chama wameniandika "mchezaji wa akiba",
nikacheka peke yangu: akiba ya nini,
na kidole changu cha shahada kilipondwa na nyundo
mwaka juzi, machimboni Micheweni,
nikigonga kokoto za watu wanaojenga ghorofa?

Wachezaji ni wawili.
Mize Faki, mpana wa mabega, mchache wa maneno,
na Mgeni Shaame, ambaye akikosa husema "Alaa!"
kana kwamba kete imemtukania mama.
Ubao wa keram alitutengenezea shemeji
kwa mlango wa jiko uliobomoka.
Una ufa, kutoka kona ya kibla hadi karibu na kati,
na kete ikifika pale huyumba, huinama,
kama mtu aliyeitwa jina kwa nyuma.
Miaka miwili tumeucheza ufa ule.
Poda ikiwepo, poda.
Isipokuwepo, unga wa muhogo, nauchekecha mara tatu,
na kuku wa jirani wanajua siku za mazoezi.

Tuliondoka saa nane za usiku, juu ya gari la kokoto,
tumekalia kazi yetu wenyewe hadi Mkoani.
Melini Mgeni alitapika mpaka Unguja.
Mize akamwambia, "Sasa huna kilichobaki ila shabaha."

Ukumbi wa skuli, Kikwajuni. Feni nane.
Ubao wa taifa unang'aa kama sinia la harusi.
Mwenye kipaza sauti akasema, "Na hawa, kutoka Kaskazini!"
Mtu akauliza, "Kaskazini ipi?"
"Ile ya mbali."
Wakacheka. Na siye tukacheka,
maana kutoka kwetu, mbali ni pale walipokaa wao.

Tanga tuliwatoa asubuhi, sijui vipi.
Jioni, Mjini.
Seti ya kwanza ishirini na tano kwa tatu.
Kete ikiguswa tu ilikimbia, ikagonga ukuta, ikarudi, ikapita,
haikuwa na ufa wa kuiuliza inakwenda wapi.
"Alaa," alisema Mgeni. "Alaa. Alaa."

Ndipo nikainuka.
Kupangusa baina ya seti ni haki ya mshika poda.
Nikakunja pindo la kanga, nikapangusa,
polepole, kama mtu afutaye uso wa mtoto aliyelala,
na kopo la poda nikaliacha limefungwa.
Mwamuzi akaniangalia. Nikamwangalia.
Nje mvua ilikuwa imeanza, na ubao ukashika unyevu,
ukawa mzito, mvivu, wa nyumbani.
Ishirini na tano kwa kumi na tisa. Zetu.

Seti ya tatu tukafika ishirini na mbili kila upande.
Mize akamtia malkia shimoni,
mwekundu, bila kelele, kama anayeingia kwake.
Lakini malkia haingii peke yake:
lazima umfuatie na kete yako, ndiyo stara yake.
Na kete yetu ilikuwa pale, shibiri moja na kona.

Mize alivuta pumzi. Akapiga.
Niliona kwa macho yangu:
aliupigia ufa usiokuwepo.
Kete ikaenda moja kwa moja, kwa adabu zote,
ikagonga mdomo wa shimo, ikasimama.

Malkia akarudishwa katikati, kichwa wazi.

Zilizobaki zilikuwa zao.
Walitupa cheti, na sabuni tatu za kuogea.

Melini Mize hakusema neno mpaka Mkoani ilipoonekana.
"Kona ya kibla," akasema, "kete huinamia wapi?"
"Kulia."
"Nilijua," akasema. "Nilijua."

Juzi shemeji kaja na gundi na vumbi la mbao,
azibe ufa, asema, mwakani tusiaibike.
Mize akaipokea gundi, akashukuru,
akakaa kizingitini
akagundishia kandambili yake.