Mfuko wa Ndani

Sonara Sleyum alikuja baada ya alasiri,
akaufunga mwenyewe mlango wa duka langu,
jambo lisilofanywa hapa Wete
penye mwanamke na cherahani yake.
Nikamwambia: fungua upande mmoja, yakhe,
majirani wana macho na mimi nina jina.

Akafungua upande mmoja.
Akatoa gazeti, ndani ya gazeti kitambaa,
ndani ya kitambaa vibao viwili
alivyochongewa na Faki seremala wa Jadida
kwa vipimo vya bastola mbili.
Chuma chenyewe bado, kibali kiko polisi,
lakini nguo, alisema, itangulie.

Kimoja chembamba, kama mche wa sabuni
uliokwisha fulia nusu:
risasi sita, akasema, na moja mdomoni.
Cha pili kinene, mpini unajaza kiganja,
risasi kumi na tatu.
"Kidogo hupiga teke, kikubwa hutulia mkononi.
Nichague kipi, Mkasi?"

Mimi? Mimi niliyeona bunduki moja tu,
ya marehemu kaka, akiwindia ninga?
Nikamwambia: sijui kinachoua.
Najua kinachovimba.

Vaa kanzu.
Nikamchomeka kile kinene kiunoni.
Simama: sawa. Kaa: mpini ukachungulia.
Rukuu, nikamwambia, rukuu. Akainama,
mgongoni pakatoka nundu
kama ya ng'ombe wa Konde.
"Utaswali safu ya kwanza na nundu hii?
Aliye nyuma yako ataswali nini?"
Akacheka, cheko fupi, la mtu
aliyevunjiwa duka mara mbili mwaka mmoja
na bado ana mikufu ya watu kwenye sefu.

Tukashika chembamba.
Koti la kaki. Bitana ya satini, hapana, satini huteleza;
marekani, mishono miwili,
mfuko umelala mshazari chini ya kwapa la kushoto,
mdomo wake kifungo kimoja
kinachotii kidole gumba.
Na kwa kuwa kibao ni chepesi na chuma ni chuma,
pindo la kulia nikashonea machubwi matatu,
risasi za kuvulia changu,
ili bega lisiinamie upande wa siri.

Jumatatu akaja kujaribu.
Rukuu: kimya. Kaa: kimya.
Nyanyua mkono, pokea mzigo: kimya.
Koti lilikaa kama halijui kitu.
Nikasema alhamdulillahi.

Kisha nikamtazama akivuka barabara
penye majamvi ya karafuu,
na kila hatua tatu
mkono wake wa kulia ulipanda kifuani,
ukagusa, ukashuka.
Mtoto wa baiskeli akapita: ukagusa.
Mtu akamwita kwa jina lake la utotoni:
ukagusa kwanza, ndipo akageuka.

Nikamwita arudi.
"Nguo nimeinyamazisha," nikamwambia,
"mkono wako ndio unaosema.
Na mkono, bwana, siushoni mimi."

Alisimama. Harufu ya karafuu iliingia
kwa upande ule mmoja wa mlango.
"Ni kibao tu, Mkasi," alisema polepole,
kama anayejisikiliza.
"Ndiyo. Ni kibao tu."

Alilipa bei yote, koti akalichukua.
Alichagua kipi mwisho, au kama alichagua, sikuuliza.
Tangu hapo nikipita dukani kwake
naangalia mikono, siangalii mikufu.

Kile kinene kilisahauliwa kwangu,
kiko ndani ya mtoto wa meza
na chaki, na bobini, na vifungo visivyo na wenzao.
Juzi mjukuu wangu Raya alikiokota,
akakishika kwa mpini bila kufundishwa na mtu,
kidole kikakaa mahali pake.

"Bibi, hiki nini?"
"Kipimo."
"Cha kupimia nini?"

Nikalamba uzi, nikatafuta tundu la sindano.
Haukupita.
Nikalamba tena.