Safu ya Pili

Karatasi ya ada ina safu mbili:
Raia. Asiye Raia.
Nimeihifadhi kichwani, maana kila Oktoba
naidurufu hadi wino uishe,
hapa Chumbageni, kwa mashine inayokohoa
kila umeme ukirudi.

Safu ya pili ni ya dola.
Humo wamepakiwa pamoja
Tiwonge Kayange wa Karonga
na Malte wa huko Kiel, Ujerumani,
kama nazi na yai katika kikapu kimoja.
Njia ikinyooka, hakuna neno.

Malte hudurufu kitabu kizima.
"Tia jalada gumu," husema, na chenji huisahau,
kisha hupanda baiskeli aliyoinunua kwa ajili ya mazoezi
akashuka nayo Raskazone kuogelea.
Si mtu mbaya. Ngeli zake zimenyooka
kuliko za mwanangu wa darasa la sita.

Tiwonge hudurufu kurasa.
Arobaini na moja mpaka arobaini na nne,
"na ya hamsini, dada, ile yenye mchoro."
Anahesabu mia mia juu ya kaunta,
sarafu zina joto la kiganja:
amezifumbata tangu Barabara ya Kumi na Tisa,
kwa miguu, jua la saa saba.
Kibali cha kuishi kimemla ng'ombe wawili wa baba yake.
Nilikiona nilipokidurufu:
muhuri mmoja tu, wa bluu,
wala haukuwa na pembe.

Juzi umeme ulikatika wakiwa wote dukani,
ukurasa wa hamsini umekwama, nusu ndani, nusu nje.
Malte akatoa noti ya elfu kumi:
"Acha, nitamlipia mimi."
Hakuwa ameulizwa.
Tiwonge akasema, bila kugeuka,
"Wangu haujatoka bado."
Masikio ya kijana yakaiva kama pilipili.
"Lakini sisi sote si tunalipa ada sawa?"
"Sawa," akajibu. "Ndiyo maana."

Tukakaa kimya, watatu,
tukijipepea kwa vipande vya boksi.

Ningependa kusema nilikuwa upande wake.
Lakini siku ya kwanza alipoingia,
niliposikia lafudhi,
kila ukurasa nilimtoza mia mbili.
Wiki mbili nzima. Akalipa, hakuuliza;
alidhani ndiyo bei ya Tanga.
Kumbe nami nina karatasi yangu ya ada,
haijawahi kuchapwa.

Nimepiga hesabu: elfu moja na mia nne.
Ziko kwenye droo, chini ya stepla.
Kila akija, navuta droo,
natoa stepla.