Kikombe cha Apolot

Mwezi wa sita barabara zilifungwa tena
na machungwa yangu yakaiva yote kwa pamoja,
kama watoto wakorofi walioitana.
Lori la Mbale halikuja.
Dalali alipiga simu mara moja: "Subiri, Olupot."
Nikasubiri. Machungwa hayakusubiri.
Yalidondoka usiku, moja moja,
Amuge akiyahesabu gizani
mpaka akachoka kuhesabu.
Asubuhi nyuki, mchana nzi,
jioni harufu tamu ya fedha inayooza.

Hapo penye michungwa palikuwa na ulezi.
Niliung'oa mimi, kwa mkono huu,
mwaka ule bei ilipopanda
hata kasisi akanunua miche.
Baba alikuwa hai bado. Aliuliza swali moja tu:
"Chungwa linasongwa?"
Tukamcheka. Unga upo dukani, tukasema.

Duka likabaki na viberiti, sabuni, chumvi.
Redio ilitufundisha kunawa mikono.
Tukanawa. Mikono ikatakata,
haina cha kushika.

Wiki ya tatu nilikishusha darini
kibuyu cha karanga za mbegu, cheusi kwa moshi.
Amuge alikipokea bila kunitazama.
Tulizibangua mlango tumeufunga,
wezi waliojiibia wenyewe.
Watoto wakalala midomo inang'aa mafuta.
Mimi nilitafuna Agosti,
nikatafuna Desemba,
nikameza mwaka mzima
na bado nikaamka na njaa.

Ng'ambo ya ua wa minyaa
Apolot hakukifungua chungu chake.
Alichemsha majani ya kunde, leo, kesho, keshokutwa,
akampa Ekwaru, mjukuu wake wa miaka kumi na minne.
Tulimsikia kijana usiku.
Hakulia kama mtoto;
ilikuwa sauti ya mtu anayebishana na mlango.
Mchoyo yule, tukasema. Anamwekea nani?
Siku moja Ekwaru akashika njia ya Soroti kwa miguu.
Mpaka leo.

Akiba haiozi, walisema wahenga.
Hawakusema inamla nani
kabla yeye hajaila.

Agosti mvua ikanyesha kwa dhati.
Nilinunua mbegu za pakiti pale Ngora,
pichani karanga nono kama vidole vya tajiri.
Siku kumi. Siku kumi na tano.
Nikafukua shimo moja:
mbegu ilikuwa palepale na rangi yake ya waridi,
kidonge alichokitema mgonjwa.

Ndipo nikauvuka ua.
Apolot hakuniuliza nimefuata nini.
Alitwaa kikombe cha bati kisicho na mpini,
akapima karanga: kimoja, viwili, mpaka vitano,
kisha kunde ambazo sikuziomba,
kisha ulezi, ngumi moja, bado una majivu.
"Kwa kila kimoja utarudisha viwili.
Na usipande kitu kimoja shamba zima.
Udongo nao una mdomo, unakinai."
Nilitaka kusema asante.
Nikasema, "Na Ekwaru?"
Akakifuta kikombe kwa upindo wa gomesi,
akakifuta tena.
Hakikuwa na vumbi.

Sasa tuna ghala. Kaya thelathini na moja, kufuli tatu,
funguo kwa watu watatu wasiopendana sana;
tulifanya makusudi.
Daftari la mikopo linahesabu vikombe, si shilingi.
Michungwa sitini nimeikata. Iliyobaki inasimama mbalimbali,
katikati ulezi, chini kunde zinatambaa,
na matawi niliyoyaangusha yanaoza polepole kuwa udongo.
Uozo huu siuogopi.

Tulimwomba Apolot ashike ufunguo mmoja.
Akakataa, hakutoa sababu.
Lakini kila kikao yupo, karibu na mlango,
na basi la Soroti likipunguza mwendo kule barabarani
anageuza shingo,
kikombe mapajani.