Mkia wa Swali

Tandika, saa moja na nusu usiku, nyuma ya duka la mabegi,
Mwalimu Tumpe anaandika kwa kipande cha chaki:
kichwa kikikubali, mkia ukatae;
kichwa kikikataa, mkia ukubali.
"You are tired, aren't you?"
Tunaitikia. Feni nayo inaitikia.

Kwetu "sivyo?" ni moja tu,
kama kandambili za uani, anayetoka anavaa:
Mvua imekatika, sivyo?
Hamjala, sivyo?
Wenzetu kila mnyama na mkia wake,
na kitenzi kikija bila msaidizi
lazima ukaazime "do" kwa jirani.

Machupa, mlinzi wa benki, anauliza: na "I am"?
Mwalimu anacheka.
Hiyo haina mkia wake, inavaa wa wengine: "aren't I?"
Naandika daftarini: *mimi sina mkia.*

Mimi nililetwa hapa na swali moja.
Upanga, ghorofa ya nne, mwezi wa tatu,
mama mwenye nyumba kasimama mlango wa jikoni,
kidoleni alama nyeupe, pete ilipokuwa.
"You didn't take it, did you?"
Nikasema, "Yes."
Ndiyo, mama. Ndiyo, sikuichukua.
Ndiyo yangu ilikuwa inakubaliana naye,
kumbe kwake inakiri.
Nikaona hajanielewa, nikaongeza sauti:
Yes! Yes! Mkono kifuani.

Pete ilikuja kuonekana
ndani ya glavu ya kuoshea vyombo.
Nilisikia kwa mlinzi wa geti.
Simu yangu haikuita.

Sauti ikipanda mwishoni, anasema Mwalimu,
mtu hajui, anauliza kweli.
Ikishuka, anajua tayari, anataka umkubalie tu.
Nikirudi nyumbani kwa miguu
naijaribu ile "did you", naipandisha, naishusha,
mpaka muuza mihogo ananiuliza kama nimempigia simu mtu.
Yake ilipanda? Sikumbuki.
Nakumbuka bomba lilikuwa linadondoka.

Leo Mwalimu amepita kwenye dawati langu.
"Mwanvua, you didn't do the homework, did you?"
"No," nikasema. "No, I didn't."
"Safi kabisa!" akasema,
darasa zima likacheka,
maana kweli sikuifanya.
Nami nimekaa na ile "No" yangu mdomoni,
haina kosa hata moja,
imechelewa miezi saba.